Mtani Aliyelia Mlangoni

Temeke, siku moja kabla ya arobaini yako

Nyamizi, mtani wangu,

Kule kwenye kisomo cha watu wazima tulifundishwa kwamba barua inaanza kwa kuuliza hali. Unasema hujambo, unasema na mie sijambo, ndipo unatoa shida yako. Nimekaa hapa uani tangu asubuhi na daftari la Mwanahawa magotini, nimeshindwa kujua nikuulize hali ipi. Basi ya kwako naiacha. Ya kwangu ni hii: mwili mzima, chakula kinapita, usingizi wa kuokoteza.

Najua ungekuwa hapa ungesema, "Tazameni, Mzaramo anaandika. Leo ngoma zote za Uzaramo zimelala." Sema tu. Lakini cheti cha kisomo mie ninacho, nimekibandika ukutani, na wewe uliacha darasa wiki ya tatu ukasema herufi zinafanana na wadudu. Mwalimu alinisifu mbele ya darasa zima kwamba mwandiko wangu anausoma hata akisahau miwani yake nyumbani. Sikumbushi kwa kujisifu. Nakumbusha kwa sababu ndiyo kweli. Kama huko uliko bado hujajua kusoma, mwombe mtu akusomee, ila asiwe Mnyamwezi mwenzio, atakatisha katikati kwenda kutafuta matobolwa, vile viazi vyenu vikavu.

Nikupe habari za hapa kwanza.

Baba Maganga anapika uji mwenyewe. Unaungua kila asubuhi, harufu inafika kwangu kabla ya adhana. Nilimwambia shemeji, lete unga nikupikie, kasema hapana, Nyamizi alinifundisha. Nikamwambia kama hivyo ndivyo alivyokufundisha, basi alikuwa anakutania na wewe. Akacheka kidogo. Ndiyo mara ya kwanza nimeona meno yake tangu uondoke.

Yule kuku wako mwenye kishungi amehamia kwangu, anatagia ndani ya kinu changu. Mayai nampelekea mumeo. Mengine nayala, mie mtani wako, nina haki.

Kwenye foleni ya sukari sina wa kunishikia nafasi. Juzi nilisimama kuanzia asubuhi mpaka jua la utosi, kufika dirishani imebaki sabuni ya kufulia. Nikageuka nyuma kukuambia, "Umeona mambo haya?" Nyuma yangu alikuwa amesimama mama mmoja simjui, amebeba mtoto mgongoni. Akasema, "Nimeona, dada." Nikashukuru, nikaenda zangu.

Na Mwanahawa wangu. Nyamizi, kaa vizuri usikie. Mwanahawa amemaliza chuo, ni mkunga mwenye cheti, kapelekwa kijiji cha Ujamaa huko upande wa Rufiji. Serikali imempa baiskeli. Ya kike, mpya, ina kengele na taa. Anazunguka nayo kitongoji hadi kitongoji, na mkoba wa dawa kwenye keria. Watoto watatu wa kule wameshapewa jina lake, na hajatimiza hata mwaka. Balozi wetu wa nyumba kumi alinipongeza mbele za watu, nikamwambia asante, ila asishangae sana, mtoto ameangalia nyumbani kwao. Nilitaka wewe ndiye uwe wa kwanza kuambiwa. Barua yake ilifika siku tano baada ya kukuzika.

Sasa nifike kwenye shida.

Siku ulipotolewa nilikuwa nimekaa mlangoni kwako kama desturi inavyotaka. Wazaramo wote wa mtaa walikuwa nyuma yangu wakinisubiri. Mie ndiye mtani wako mkuu miaka yote hii, nani angethubutu kufungua mdomo kabla yangu? Nilikuwa nimejifunga kiunoni ile khanga yako iliyoliwa na cheni ya baiskeli. Kazi yangu ilikuwa nyepesi tu. Jeneza likifika mlangoni nizuie njia, niseme mpagazi huyu hatoki bila mzigo kichwani, nikuige unavyotembea, nikutangaze vituko vyako vyote, watu wacheke, ndipo wakupitishe. Tulipofiwa na mama mkwe wangu, wewe ulifanya nini? Ulilala kwenye mkeka wake ukakoroma kama yeye, na ule mluzi wake wa puani, mpaka Baba Mwanahawa, aliyekuwa hajatia kitu kinywani siku mbili, akacheka akaomba maji ya kunywa. Mie niliona kwa macho yangu, kicheko kile ndicho kilichomrudisha mume wangu.

Na mie, zamu yangu ilipofika, nililishika jeneza mguu nikalia.

Sikulia kwa adabu. Nililia kama mtoto anayeachwa kituoni. Walinibandua vidole kimoja kimoja. Wenzangu kuona kiongozi wao analia, na wao wakaangua. Ukatoka mlangoni hakuna aliyekutania hata neno moja. Kaka yako mkubwa, aliyekuja na treni kutoka Tabora ulipozidiwa, akauliza pale uani kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Kwani hapa Dar es Salaam watani wamekwisha? Dada yangu anatolewa kama mpita njia?"

Wote walinitazama mie.

Jana Maganga wako alikuja kunialika arobaini. Kijana amekuwa mtu mzima, kanisalimia shikamoo, kakaa kwenye kigoda, kazunguka weee na habari za kiwandani. Mwisho akasema, "Mama mdogo, mjomba bado yuko, amekataa kurudi Tabora. Anasema hajamzika dada yake sawasawa. Sasa keshokutwa njoo. Ila ukijiona utalia tena, bora ukae jikoni na wapishi." Alisema kwa heshima, lakini alisema.

Watu wanadhani nililia kwa uchungu. Uchungu ulikuwepo, Mungu shahidi. Lakini ulikuwa nusu. Nusu ya pili tunaijua wawili tu, mie na wewe, ndiyo sababu nimeshika kalamu. Niache niifikie taratibu.

Unamkumbuka Kobe?

Yule mzungu mpima ramani alikuwa na gari refu lenye mgongo wa kubinuka, ndani lina vitanda viwili vya kukunja, meza, jiko la mafuta ya taa na beseni la kunawia lenye bomba lake. Mapazia ya maua madirishani. Alizunguka nalo mikoani, analala humo humo na kupika humo humo. Kutu ikalila chini, akalileta gereji kwa Baba Mwanahawa, akaenda zake Dodoma mpaka katikati ya wiki. Akasema likishaungwa, litembezwe siku mbili, ajue sakafu haiachii. Fundi wa kuunga sakafu ile bila kuacha alama Dar nzima alikuwa mmoja, na nilikuwa nimeolewa naye. Mwanahawa wangu, wakati ule ana miaka kumi, alilitazama mara moja akasema, "Hili ni Kobe, linatembea na nyumba yake." Jina likashika mtaa mzima. Mtoto alikuwa na akili tangu zamani.

Mume wangu akasema Jumapili tunalijaribu, tunavuka Kigamboni, na mzigo wa majaribio ni sie wenyewe. Tukawaita nyie. Baba Maganga alikuja na redio na mto wake wa kulalia. Wewe ulikuja na kikapu cha karanga na matobolwa, ukapanda kwenye kitanda cha mzungu, ukajirusha mara tatu kuona kama kinadunda. Nyuma mume wangu akafunga baiskeli mbili kwa kamba, yake na ya mumeo, yale madume meusi yenye bomba katikati. Kobe alikuwa hajaaminika, akifa njiani lazima mtu aende kuita msaada.

Kwenye pantoni watu walituzunguka kama wanatazama mchezo. Ukavuta pazia, ukatoa mkono nje kama mke wa waziri, ukawaambia, "Karibuni, ila vueni viatu." Mzee mmoja alivua kweli. Nilicheka mpaka khanga ikalegea.

Tukaegesha chini ya mivinje, bahari iko pale, unaiona kupitia mlango. Nikapika wali wa nazi na samaki ndani ya gari, Nyamizi, ndani ya gari, huku nimesimama. Ulikula sahani mbili ukilalamika kwamba Wazaramo wanadhani nazi ni chumvi. Tulitakiwa tuondoke kabla ya saa nane, kwa sababu ya ile amri ya petroli, magari ya watu Jumapili marufuku kutembea kuanzia saa nane mchana mpaka kesho yake alfajiri. Sote tulikuwa tunaijua. Tulisahau kwa ajili ya ule wali. Tukiwa bado tunalamba vidole, redio ya Baba Maganga ikatangaza saa nane.

Baba Mwanahawa akachomoa ufunguo, akautia mfukoni, akasema, "Basi. Kuanzia sasa hili si gari. Ni nyumba."

Sijawahi kuwa na mchana kama ule. Hakuna pa kwenda, hakuna pa kurudi, hakuna chombo cha kuosha zaidi ya sahani tano. Wanaume wakajinyoosha kwenye vile vitanda, mara wakaanza kukoroma kwa kupokezana. Mie na wewe tukakaa kivulini tukimenya karanga. Maji yalikuwa yametoka mbali, mchanga uliobaki umelowa, umekazana kama sakafu ya saruji. Ndipo tukamwona Mwanahawa.

Alikuwa ameifungua baiskeli ya baba yake. Amepitisha mguu mmoja chini ya lile bomba kama wafanyavyo watoto wa kiume, mwili upande huu, baiskeli upande ule, anakwenda zake ufukweni kama aliyezaliwa nayo. Kumbe alikuwa anajifunza gereji, baba yake akiwa chini ya magari. Mtoto wa kike, na gauni la sikukuu. Nikainuka na kandambili mkononi.

Ukanishika mkono. Maneno yako ninayo mpaka leo: "Mzaramo, mtoto anajua kitu wewe hukijui. Badala ya kumpiga, mwombe akufundishe."

Nimeyafikiria maneno hayo siku barua yake ilipofika, aliponiandikia habari ya baiskeli ya serikali. Kandambili ile ingetua mgongoni mwake, pengine leo angekuwa anawafuata wajawazito wake wa Rufiji kwa miguu. Wewe ndiye uliyenishika mkono. Hilo sikukuambia hata siku moja, nakuambia leo.

Basi akatufundisha. Mwalimu ana miaka kumi, wanafunzi wawili wenye makalio yao. Hapa sasa ndipo penye hadithi ambayo Temeke nzima inaijua. Nimeisimulia kwenye foleni, bombani, kwenye harusi na kwenye matanga. Kwamba mie nilipanda mara moja tu nikaenda, moja kwa moja hadi kwenye miamba nikageuka nikarudi, kengele naipiga njia nzima. Kwamba wewe, mtu wa bara, ulipanda, ukapiga ukelele, ukapinda kuelekea baharini ukazama na baiskeli yako, na mie nikajitosa nikakuvuta kwa nywele. Watu wanaipenda sana hadithi hiyo. Kila nikiisimulia ulikuwa unatikisa kichwa na kusema, "Ndivyo ilivyokuwa. Bila Mzaramo huyu ningeliwa na papa." Na miaka yote uliyokwenda sokoni na baiskeli ya mumeo, magunia ya karanga kwenye keria, mtu akikuuliza nani alikufundisha, ulisema, "Mtani wangu."

Hapa najua unanitazama. Haya.

Uliyekwenda mpaka kwenye miamba ni wewe. Khanga yako ilinasa kwenye cheni pale pale mwanzo, ikatafunwa, yale maandishi yake yakatoboka yasisomeke tena. Ukaivua ukanirushia, ukapandisha gauni magotini, ukapanda tena. Ukayumba kidogo, ukanyooka, ukaenda. Ulikuwa umefungua mdomo wazi kama mtu anayekunywa mvua. Sijawahi kuona mtu mzima ana furaha namna ile. Ukazunguka kule kwenye miamba, ukarudi, hujui kusimama, ukatupita, ukaenda tena.

Na mie nilipopanda, Mwanahawa akasema, "Mama, unakamata usukani kama unakuna nazi." Nikakanyaga mara nane, nilizihesabu, baiskeli ikageuza shingo yake yenyewe ikaelekea majini. Nikaingia nayo. Wimbi likanikalia. Nilikunywa maji ya chumvi mengi, nikatoka nimejaa mchanga mpaka masikioni, mtoto wangu amekaa chini kwa kucheka, na pale juu, kwenye mlango wa Kobe, Baba Mwanahawa ameamka, anashuka kuja huku akipaza sauti, "Kuna nini? Nani kazama?"

Nyamizi, mie asubuhi ile, kabla ya pantoni, nilikuwa nimemwambia mume wangu kwamba hakuna kitu ambacho mwanamume anafanya mie nikashindwa. Nilimwambia mbele ya mumeo. Nikamwona anakuja, mdomo ukasema wenyewe: "Nyamizi. Nimemwokoa Nyamizi."

Na wewe ulikuwa umesimama pembeni, mkavu.

Hukunitazama vibaya. Hukuuliza. Uliilaza baiskeli mchangani, ukageuka, ukaingia baharini na nguo zako, taratibu, kama mtu anayeingia chumbani kwake. Ukachuchumaa, maji yakafika shingoni. Ukainuka ukarudi unakohoa, ukamwambia mume wangu, "Shemeji, una mke. Kaniokoa." Kisha ukamwinamia Mwanahawa ukamnong'oneza, na mie nikasikia: "Mwachie mama yako sifa zake, hazituumi." Mtoto hajasema mpaka leo.

Jioni ile, jua bado lipo, nguo zetu zilikuwa zinakauka kwenye vioo vya Kobe, na wewe umejifunga pazia la maua la mzungu. Wanaume walikuwa wanakagua sakafu. Nikataka kukushukuru, nikashindwa pa kuanzia. Wewe ndiye uliyesema. "Usijali, Mzaramo. Isimulie utakavyo maadamu niko hai. Ila siku nikifa, pale mlangoni, utaisema kweli mbele ya watu wote. Nataka utani huo na si mwingine. Na usilie, ukilia nitakuja kukuchapa." Nikaapa. Nilikuwa nacheka, lakini niliapa.

Sasa umejua ile nusu ya pili. Jeneza lilipofika mlangoni, aliyeshika mbele alikuwa Baba Mwanahawa. Alikuwa karibu yangu kama kalamu hii. Wazaramo wote nyuma, mtaa wote mbele, na mie niseme kwamba miaka yote nimekuwa nikidanganya? Uchungu ulikuwa umeshanifika machoni. Nikaona kulia ni rahisi, nikalia.

Nimekutoa kimya kwa ajili ya sifa zangu. Kesho ni arobaini. Kaka yako yuko pale amekunja uso. Sijui nitaweza. Naacha hapa, kalamu inateleza.


Temeke, jioni, baada ya arobaini

Nyamizi,

Narudi. Mkono umechafuka grisi, utasamehe alama kwenye karatasi.

Asubuhi nilikwenda jikoni kama Maganga alivyosema. Nikachambua mchele wenye mawe mengi, majirani wote walichangia, kila mmoja na mchele wa foleni yake. Wanaume wakasoma hitima. Nikaisikia sauti ya kaka yako ikiitikia, kavu. Pilau ikaiva, wakaanza kupakua kwenye masinia. Moyo ukaniambia, hapa hapa.

Nikatoka na mlango wa nyuma. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta wa choo, haijaguswa tangu uumwe, kuku wamefanya yao kwenye tandiko. Nikaiburuta mpaka mlango wa mbele, nikailaza kizingitini kutoka huku mpaka huku, nikaikalia. Nimejifunga khanga yako yenye matobo. Wanawake wakafika na masinia kichwani, wakakwama.

Nikasema, "Hakuna sinia linalopita. Mpagazi huyu alitoroka mlangoni hapa siku arobaini zilizopita bila kusemwa. Leo halipiti tonge mpaka asemwe."

Shehe akatazama pilau. Kaka yako akainua uso kwa mara ya kwanza. Nikamwona Baba Mwanahawa amekaa kwenye jamvi, katikati ya wenzake wa gereji.

Nikasema yote. Niliinuka nikaigiza ulivyokwenda, mdomo wazi, magoti nje, mpaka mama mmoja akasema, "Ndiye, ndiye mwenyewe." Kisha nikasema, na huyu mwingine ni mie. Nikashika usukani kama nakuna nazi, nikakanyaga mara nane hewani, nikaanguka. Nilitaka kuanguka kwa mchezo, lakini pedeli ikanasa kwenye khanga, nikaenda chini kweli, mzima mzima, baiskeli juu yangu. Nikiwa chini hapo hapo nikawaambia ulivyoingia baharini na nguo zako kavu kwa ajili ya mdomo wangu.

Kicheko kilianzia kwa kaka yako. Alicheka kwa Kinyamwezi, siwezi kukueleza, unakijua. Akapiga jamvi kwa mkono. Baba Maganga akafunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika. Watu wakawa wanashikana. Masinia yakashushwa, wabebaji wamelegea.

Kisha Baba Mwanahawa akasimama. Nikasema moyoni, haya, imefika. Akasema, "Mama Mwanahawa, mie nilijua tangu siku ile. Mtu gani anazama baharini anatoka na kilemba kikavu?"

Nyamizi. Uliingia mpaka shingoni. Ukasahau kichwa.

Miaka yote hiyo alikuwa anajua. Kila nikisimulia alikuwa ananitazama na ule uso wake wa kunyoosha bati, mie nikidhani anajivunia mke. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Nilikuwa nasubiri mmoja wenu achoke." Watu wakaanza upya. Mie bado niko chini, na mie nikacheka, na machozi yakaja, lakini haya hukuyakataza.

Basi aliyetaniwa leo ni mie. Ulipanga hivyo tangu siku ile, ukiwa umejifunga pazia. Unyamwezi wako.

Kaka yako alikuja kuniinua. Akasema, "Sasa nimemzika dada yangu. Kesho napanda treni." Akaniuliza nataka kitu gani, mtani lazima aondoke na kitu. Nikasema baiskeli. Maganga akacheka, "Ya kufanyia nini, mama mdogo, wewe si hujui kuendesha?" Tayari wameshaanza. Nitasikia hilo mpaka mwisho wa maisha yangu, na ni haki yao.

Lakini nimeichukua. Iko hapa uani, nimeisafisha, Baba Mwanahawa ameitia grisi na kushusha tandiko lifike miguu yangu. Mwanahawa ana likizo Idi hii. Nimeshamwandikia, kwa ule mwandiko unaosomeka bila miwani, kwamba aje anifundishe upya. Tutavuka na pantoni, tutasubiri maji yatoke.

Haya, mtani. Kuku wako nitamlisha. Mumeo nitamfundisha uji, atake asitake. Lala, umesemwa vya kutosha.

Na nakuahidi ule mchanga mgumu nitaupita na baiskeli mpaka kwenye miamba yako. Nikianguka, wa kwanza kumwambia atakuwa Baba Mwanahawa, na nitamwambia aliyeanguka ni mie.

Mzaramo wako,
Mama Mwanahawa